Seva Iliyofunikwa Kanga

Chini ya meza ya mhasibu, katika ofisi moja ya mjini Mtwara, palikuwa na kompyuta ya zamani iliyofunikwa kanga kuukuu isiingie vumbi. Nilikuwa nimeitwa kubadilisha swichi na kupanga kebo upya kabla msimu wa korosho haujapamba moto. Kabla ya kugusa chochote niliskani mtandao kwa laptopu yangu ili nijue nani ni nani. Ikaja orodha ya mashine 14. Nyingi zilijieleza zenyewe: hii printa, hii ruta, hii ya bosi. Ile ya chini ya meza ilionekana imewashwa, ila nilibisha kwenye poti zake 1000 na hakuna hata moja iliyonijibu. Nikaandika pembeni, "haitumiki". Saa tano asubuhi nikaizima.

Dakika kumi hazikupita mhasibu akatoka chumbani kwake, miwani mkononi. "Fundi, umegusa nini? Malipo hayafunguki."

Ile "haitumiki" ndiyo iliyobeba hifadhidata ya uzito na malipo ya wakulima wote. Programu ya kuskani haikunidanganya, iliniambia kweli tupu. Mimi ndiye niliyechukua kimya nikakiita jibu. Makala hii ni ya kufumbua kosa hilo, kwa sababu nimeliona kwa mafundi wengi, wakiwemo walionizidi uzoefu.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tukisema "seva" tunafunga vitu vitatu kwenye furushi moja. Kuna mashine, yaani bati na nyaya. Kuna mchakato, yaani programu iliyo kwenye kumbukumbu ya mashine muda huu ikisubiri kuhudumia wengine. Na kuna poti, namba kati ya 1 na 65535 ambayo mchakato huo umeiomba kwa mfumo endeshi ili wateja wajue pa kubisha. Mashine husafirisha data mtandaoni kwa njia mbili kuu, TCP na UDP. TCP ina poti zake na UDP ina zake, kwa hiyo orodha ni mbili. Skani ya mtandao inaona majibu ya poti. Mchakato wenyewe haiuoni hata siku moja. Inaukisia tu, kama unavyokisia kuna sherehe kwa kusikia ngoma.

Hodi na majibu yake

Kuskani poti ya TCP ni kupiga hodi. Laptopu yangu inatuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, iitwayo SYN. Ikirudi SYN pamoja na ACK, hiyo ni "karibu", poti iko wazi. Ikirudi RST, ni mtoto anayepaza sauti kutoka uani, "Hayupo!" Poti imefungwa, lakini umeshapata habari kubwa: nyumba ina watu, njia ya kuifikia ni nzima, na kwenye namba hiyo hakuna anayesikiliza. Mafundi wengi huipita RST bila kuiangalia, na mimi naiona kuwa jibu la kuaminika kuliko yote.

Halafu kuna kimya. Nmap, programu ya kuskani ambayo Gordon Lyon aliitoa kwa umma mwaka 1997, huiita hali hiyo "filtered", maana yake kuna kitu njiani kimechuja pakiti. Kitu hicho chaweza kuwa fayawoli, programu ya ulinzi iliyoagizwa kutupa pakiti za wageni bila kuwajibu. Pakiti pia zaweza kupotea kwenye Wi-Fi dhaifu, au mashine imezidiwa, au panya amekwishaonja kebo. Mstaarabu akipiga hodi mara tatu asijibiwe huondoka zake. Haendi kutangaza mtaani kwamba nyumba ile haina mwenyewe. Nami ndivyo nilivyofanya, nikatangaza.

Nilikuwa na dalili mkononi na sikuisoma. Ndani ya mtandao mmoja wa ofisi, kabla pakiti yoyote haijatumwa, laptopu lazima iulize kwa ARP, "nani mwenye anwani hii ya IP?" Mwenye nayo hujibu kwa kutaja namba ya kadi yake ya mtandao, na fayawoli ya kawaida haizuii mazungumzo hayo. Ndiyo maana mashine ile ilionekana imewashwa huku poti zote 1000 zikiwa kimya. Mashine isiyo na fayawoli na isiyo na kazi ingenirudishia RST 1000. Kimya cha namna ile kina maana moja karibu kila mara: ndani wamo, ila wameambiwa wasimfungulie mgeni. Na katika ofisi zetu zilizojaa Windows hilo ni jambo la kila siku, maana tangu toleo la XP Service Pack 2 la mwaka 2004 fayawoli yake huja ikiwa imewashwa tayari.

Hizo 1000 nazo zina mtego. Nmap usipoielekeza hubisha kwenye poti 1000 zinazotumika zaidi duniani, na zaidi ya 64,000 zinabaki bila kuguswa. Fundi aliyetangulia akiiweka huduma kwenye poti 47011 kwa kuwa ndiyo namba iliyomjia kichwani, skani ya kawaida haitaiona. Ukiongeza `-p-` inapita zote. Itachukua muda, nenda kanywe chai.

Karibu ya mlinzi wa getini

Sasa chukua poti iliyojibu "karibu". Je, mchakato unafanya kazi? Usiharakishe kusema ndiyo. Kama una mashine ya Linux, jaribu hili. Washa seva ndogo ya wavuti kwa `python3 -m http.server 8000`. Kwenye dirisha jingine tafuta namba ya mchakato huo, kisha uugandishe kwa `kill -STOP` ikifuatiwa na namba hiyo. Programu sasa imesimama kabisa, hakuna hata mstari mmoja wa msimbo wake unaokwenda. Skani poti 8000: iko wazi. Fungua anwani hiyo kwenye kivinjari: kialama kinazunguka, kinazunguka, ukurasa hauji. Rudisha mchakato kwa `kill -CONT` na ukurasa unajitokeza papo hapo, kana kwamba hapakuwa na neno.

Kilichotokea ni kwamba ile SYN haikujibiwa na programu. Ilijibiwa na kiini cha mfumo endeshi, ambacho hupokea wageni kwa niaba ya programu na kuwapanga foleni mpaka programu ije kuwachukua. Mlinzi getini amekukaribisha vizuri, amekupa na kiti, mwenye nyumba yuko usingizini. Seva iliyokwama siku ya malipo hufanana hivyohivyo. Kwenye skani ni kijani, kwa mhasibu ni kilio.

Uthibitisho unapatikana kwa kuuliza swali la huduma yenyewe kwa lugha yake. Seva ya wavuti iombe ukurasa. Hifadhidata ipe `SELECT 1` uone kama itarudisha 1. Seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani, iulize jina ambalo jibu lake unalijua. Hapo ndipo unapomgusa mwenye nyumba.

Namba ya poti nayo si cheti cha kuzaliwa. Tumezoea kwamba 22 ni SSH ya kuingia mashine kwa mbali, 3306 ni hifadhidata ya MySQL, 3389 ni ya kuingia Windows kwa mbali, lakini ni mazoea tu. Hakuna kinachomzuia mtu kuweka SSH kwenye 3306. Ukiipa nmap `-sV`, hufungua mawasiliano, husikiliza salamu, hutuma vichokozi na kulinganisha majibu na alama za huduma ilizozihifadhi. SSH hujitambulisha mwanzo kabisa, pamoja na toleo lake. Toleo hilo lisikutie hofu bure wala matumaini bure: Debian, Ubuntu na Red Hat huziba matundu ya usalama mara nyingi bila kubadilisha namba ya toleo, kwa hiyo programu inayojitaja kuwa ya zamani yaweza kuwa imeshatibiwa.

Kisa kidogo kabla sijaendelea. Poti 9100 hutumiwa na printa nyingi za mtandao, na chochote kinachoingia humo huchapwa. Nmap huziruka 9100 hadi 9107 inapotambua huduma, kwa sababu hiyohiyo. Programu nyingine niliyowahi kuitumia haikuwa na adabu hiyo. Printa ikaanza kutema karatasi, kila moja ina mstari mmoja wa herufi zisizoeleweka, na dada wa mapokezi akatoka nje moja kwa moja. Hakurudi mpaka nilipozima umeme wa printa.

UDP haina hodi

Hapa ndipo watu wazima hupotea. Kwenye TCP aliye hai hujibu. Kwenye UDP mtumaji hurusha pakiti na kuondoka. Mpokeaji hujibu akipenda, tena kama pakiti ina maana kwake. Tuma pakiti tupu kwenye poti 53 ya seva ya DNS iliyo nzima na huenda usipate kitu, kwa kuwa hujauliza swali. Poti iliyofungwa ndiyo yenye kelele: mashine hurudisha ujumbe wa ICMP, lugha ya mtandao ya kutoa taarifa za makosa, kwamba hapa hapafikiki. Kwa hiyo mambo yanageuka. Anayejibu hivyo amefunga, anayenyamaza labda amefungua, labda pakiti imetupwa njiani. Nmap kwa uungwana huandika "open|filtered", yaani wazi au imechujwa, na si kosa lake kushindwa kuchagua.

Ongeza na mwendo. Linux kwa kawaida hujiwekea kikomo cha takriban ujumbe mmoja wa aina hiyo kwa sekunde. Ukitaka kupitia poti zote za UDP za mashine moja kwa mwendo huo, hesabu inazidi saa 18. Mashine moja! Ndiyo sababu kwa UDP mimi sipiti zote. Nachagua chache zenye maana ofisini, kama 53 ya majina, 67 ya kugawa anwani, 123 ya saa, 161 ya kufuatilia vifaa, 1434 ya SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, na kila moja naitumia swali lake halisi.

Hiyo 1434 ina historia. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta uliopewa jina Slammer ulienea dunia nzima kwa pakiti moja tu ya UDP yenye baiti 376 za ujumbe. Uliambukiza mashine zisizopungua 75,000, na nyingi kati yake katika dakika 10 za kwanza. Dawa yake Microsoft ilikuwa imekwishaitoa Julai 2002. Wapo wasimamizi ambao hawakuiweka kwa uzembe, lakini wapo pia ambao hawakujua kama wana seva ya kuwekea dawa. SQL Server ilikuwa na toleo dogo, MSDE, lililofungashwa ndani ya programu nyingine. Mtu anasimika programu ya kazi yake na hifadhidata inaingia kimyakimya nyuma yake, kama kupe mgongoni kwa ng'ombe.

Tabia hiyo haijafa. Programu za mauzo ya duka, za famasi na za uhasibu bado huja na MySQL, PostgreSQL au SQL Server Express tumboni. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi kama ana seva ya hifadhidata, atakuapia hana, na anaapa kwa nia njema kabisa.

Ingia ndani uulize

Njia ya kutokisia ni kuketi mbele ya mashine yenyewe. Kwenye Linux naandika `sudo ss -tulnp`, na mstari mmoja hutoka hivi, upana wake nimeupunguza:

`LISTEN 0 151 127.0.0.1:3306 0.0.0.0:* users:(("mysqld",pid=1187,fd=21))`

Soma anwani kwanza. 127.0.0.1 maana yake mchakato unasikiliza watu wa nyumba hiyo tu. Ukibisha kutoka nje utaambiwa pamefungwa, na hilo ni kweli kwako ingawa hifadhidata iko hai kabisa. Pangekuwa 0.0.0.0 ingekuwa inapokea kutoka kila upande wa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani. Ukiona `[::]` ni IPv6, mfumo mpya wa anwani, na hapo kumbuka kwamba aliyeskani IPv4 pekee ameangalia upande mmoja wa nyumba. Kisha soma jina na namba ya mchakato. Usisahau `sudo`, bila hiyo majina ya michakato ya watumiaji wengine hayatokei, nawe utadhani poti inajisikiliza yenyewe.

Kwenye Windows `netstat -ano` hutoa poti na namba ya mchakato, halafu `tasklist /svc` hukuambia namba hiyo ni ya nani. Usishangae poti 445 kuwa ya namba 4, "System": kushirikisha mafaili hufanywa na mfumo wenyewe. Wala usishangae kukutana na `svchost` kila kona. Hilo ni gari la abiria, huduma kadhaa zaweza kupanda moja.

Hata ndani kuna vichaka. Kwenye Linux, systemd, programu inayoamsha na kusimamia huduma nyingine, yaweza kuishika poti yenyewe na kuiamsha programu pale tu mgeni wa kwanza anapofika. Ukitafuta mchakato wa programu hiyo hutauona, na bado huduma ipo. Seva ya NFS ya kushirikisha mafaili, iliyo ndani ya kiini, hushika poti 2049 bila jina la mchakato wowote. Programu zilizo ndani ya kontena za Docker, yaani vyumba vilivyotengwa ndani ya mashine moja, zina mtandao wao, kwa hiyo `ss` ya nje huonyesha `docker-proxy`, na mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Programu za Java zote huitwa `java`. Ni lazima usome amri nzima iliyoziamsha ndipo ujue ipi ni ya malipo na ipi ni ya kamera. Na anayetafuta kwa `ps aux | grep mysql` akaona mstari mmoja akafurahi, asome vizuri: amejiona mwenyewe akitafuta.

Kwa nini basi tusiache kuskani kutoka nje? Kwa sababu mashine iliyovamiwa hudanganya. Mvamizi mzuri hubadilisha hizo `ss` na `netstat` ili zisimtaje. Poti inayoonekana wazi ukiwa nje, na ndani ya mashine hakuna anayeikiri, ni jambo la kukunyima usingizi mpaka ulielewe. Mara nyingi utakuta ruta inahamisha mawasiliano kwenda mashine nyingine, au ni kontena. Siku moja moja utakuta mgeni.

Siku hizi nina karatasi yenye safu tatu kwa kila mashine: nilichokiona nje, nilichokiona ndani, na swali la huduma lilijibiwa nini. Zikikubaliana napita haraka. Zisipokubaliana nakaa hapo. Ya ndani tu bila ya nje huwa ni fayawoli au 127.0.0.1, na hilo mara nyingi ni jema, ni mtu aliyefunga mlango wake. Ya nje na ya ndani zikiwepo na swali likakosa jibu, mchakato umekwama.

Safu ya nne ingepaswa kuwa saa. Skani ni picha ya dakika moja. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inawaka, na huduma iliyokuwa inaamshwa kwa mkono haiamki. Kuna za usiku tu, kama zile za kuhifadhi nakala. Katika ofisi ileile niliwahi kuacha skani ikijirudia mpaka alfajiri, nikakuta mashine ngeni yenye poti 8080 wazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi. Nikajiandaa kwa vita. Kumbe simu ya mlinzi, ina programu ya kurushiana nyimbo, na nywila ya Wi-Fi alipewa na mtu wa ofisini.

Jambo moja la kisheria: usiskani mtandao ambao mwenyewe hajakuruhusu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Mimi huomba ruhusa kwa barua yenye sahihi, hata kwa rafiki.

Siku ile ya malipo niliiwasha tena mashine ya chini ya meza. Mhasibu akajaribu, bado. Nikavuta kiti, nikaiunganishia kioo cha kompyuta, nikaandika `netstat -ano`. Poti 3306 haikuwepo. Kwenye orodha ya huduma MySQL ilikuwa imewekwa iamshwe kwa mkono, na aliyekuwa anaiamsha alishahama Mtwara. Niliiamsha, nikaiweka ijiamshe yenyewe, kisha nikafungua mipangilio ya fayawoli niisome. Palikuwa na sharti moja, limeandikwa na mtu aliyejua kazi yake: 3306 ifunguliwe kwa anwani tatu tu, mbili za uhasibu na moja ya chumba cha mizani. Ningeskani kutoka kwenye kompyuta ya mhasibu ningepata "karibu" papo hapo.

Nikachukua utepe wa karatasi, nikaandika anwani, poti na neno USIZIME, nikabandika mbele ya mashine. Mhasibu alisoma, akachukua kanga yake akaifunika tena, utepe ukapotea machoni. Nikamwomba aikunje kidogo upande huu.